Lambo la Solai na Daraja la Hatari

Mwenye shamba achimbapo lambo, aghalabu huwazia kiangazi. Tuta la udongo ulioshindiliwa ni ghala lake, na kina cha maji ndicho kipimo cha utulivu wa moyo wake. Alalaye bondeni chini ya tuta hilo ana kipimo kingine, ingawa ni nadra kuulizwa.

Kanuni za Usimamizi wa Rasilimali za Maji za mwaka 2007 ziliyagawa mabwawa ya Kenya katika madaraja matatu. Bwawa ambalo kina cha maji yake hakikufika mita 5 lilikuwa la daraja A. Lililozidi mita 15 likawa la C. Ujazo wa maji ulitazamwa pia. Zingatia kilichopimwa: ni bwawa, si bonde. Nchini Marekani, ambako mabwawa mengi ni mali ya watu binafsi, daraja la hatari huonyesha watakaodhurika iwapo tuta litabomoka, hata likiwa imara kama jabali. Hali ya tuta lenyewe hupewa alama yake mbali. Kwa hiyo lambo dogo likijengewa nyumba bondeni huweza kupanda daraja pasi na tone moja la maji kuongezeka. Neno letu "hatari", maskini, limebebeshwa maana zote mbili, na msikilizaji hudhani anaambiwa kuwa tuta lina ufa.

Nao ufa huanzia pasipoonekana. Maji hupenya polepole katika mizizi na mashimo ya wanyama, yakiondoka na chembe za udongo. Au mvua hulijaza lambo ilhali mkondo wa kutolea maji ya ziada ni mwembamba au umeziba. Maji hupanda juu ya tuta na kulimega.

Usiku wa Mei 9, 2018, baada ya majuma ya mvua kubwa, bwawa la Patel huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilibomoka. Lilikuwa bwawa la udongo katika shamba la kibiashara la mtu binafsi. Maji yaliteremka hadi vijiji vya Energy na Nyakinyua, yakasomba nyumba pamoja na waliokuwamo. Watu wasiopungua 47 walifariki, watoto wakiwemo. Maafisa wa maji walitangaza kuwa bwawa halikuwa na kibali. Ndipo ilipoamriwa maji yapunguzwe katika bwawa jingine la shamba lilo hilo.