Safari ya Kisiwa cha Maziwe

Wengi wetu hukaa mbali na pwani. Basi napenda kuwaarifu habari za safari niliyofanya pamoja na watoto wa shule mwisho wa mwezi wa Juni, shule zilipofungwa. Tulikwenda Maziwe, fungu la mchanga lililo baharini mbele ya Pangani, katika mkoa wa Tanga.

Tulivuka mto Pangani kwa kivuko, tukalala Ushongo, kijiji cha pwani kilicho upande wa kusini. Asubuhi saa mbili, upepo ungali mdogo, tukapanda mashua. Zilikuwa siku za bamvua, na nahodha alitaka tufike maji yakiwa yamekupwa. Kwa maana bamvua likijaa, fungu lote hufunikwa, usione kitu ila povu.

Tulipokaribia, mtoto mmoja akauliza, "Mzee, kisiwa ki wapi?" Nahodha akaonyesha mstari mweupe juu ya maji, akajibu, "Ndicho hicho, mwanangu. Nilipokuwa mdogo, wavuvi walipumzika pale chini ya mivinje."

Maneno yake ni kweli. Mwaka 1975 serikali ilipoifanya Maziwe kuwa hifadhi ya bahari, kilikuwa kisiwa chenye miti. Hata ilipofika miaka ya 1980, miti ilikuwa imekwisha na ardhi yake imeliwa na maji. Juu ya sababu watu hawasemi neno moja: wengine hutaja kukatwa kwa miti iliyoshika mchanga, wengine hutaja nguvu ya bahari yenyewe. Lakini jambo moja ni wazi: kisiwa kilikuwa cha watu wote, nacho kikapotea machoni pa watu wote.

Nahodha alitia nanga penye mchanga mtupu. Alitueleza ya kuwa matumbawe si mawe bali ni viumbe hai, na pande linalovunjwa na nanga kwa dakika moja huchukua miaka mingi kukua tena. Watoto wakavaa miwani ya kuzamia, wakaelea juu ya maji maangavu, wakiona samaki wa kila rangi. Furaha yao ilikuwa kubwa, na yangu pia.

Kisha mvulana mmoja akatoka majini ameshika kiti cha pweza mwekundu, akasema atampelekea mama yake. Nahodha akamwambia kwa upole, "Mrudishe, mwanangu. Hapa ni hifadhi, hapatolewi kitu. Na huyo akikaa juani atakufa kabla hujafika kwa mama." Mtoto akamrudisha, machozi yakimlengalenga. Mimi nilinyamaza kwa haya, maana nyumbani kwangu, juu ya kabati, lipo kombe kubwa nililookota pwani nilipokuwa kijana, na wageni hulisifu. Nalidhani kimoja si kitu. Lakini kila ajaye akidhani hivyo, kitabaki nini?

Maji yalipoanza kupanda, tukaondoka. Njiani nahodha akatueleza habari za kasa. Kasa jike hupanda mchangani usiku, hufukua shimo kwa mapezi yake, hutaga mayai yapata mia, huyafukia, kisha hurudi baharini asiyaone tena. Hata leo kasa huja kutaga Maziwe, ijapokuwa kisiwa si kile cha zamani. Yakiachwa pale, mayai huzama. Kwa hiyo watunzaji huyahamisha mapema hadi Ushongo, pasipo kuyageuza, kwa maana yai likigeuzwa baada ya kiumbe kushika ganda, hufa. Huyafukia penye mchanga mkavu, na baada ya miezi miwili hivi huanguliwa.

Jioni ile tulibahatika. Jua lilipokaribia kuchwa, watunzaji walituita penye kiota kimoja. Watu wakasimama pande mbili, njia ya baharini ikaachwa wazi, taa zote zikazimwa; maana vifaranga hufuata mwanga wa upeo wa bahari, na taa za watu huwapoteza. Mchanga ukatikisika, wakatoka wadogo kama vifuniko vya chupa, wakajikokota kwenda majini. Mmoja alikwama katika mfuko wa plastiki uliotupwa. Yule mvulana wa kiti cha pweza akautazama mtunzaji, na alipopewa ruhusa akauondoa mfuko, asimguse mnyama. Kifaranga kikaenda zake. Wachache sana kati yao huishi hata kuwa wakubwa, na kasa huchukua miaka ishirini na zaidi kabla ya kutaga.

Basi wazazi na walimu, msiogope kuwapeleka watoto pwani; asiyepaona mahali hawezi kupapenda. Lakini kabla ya kwenda waambieni haya: msikanyage matumbawe, msichukue kilicho hai wala kombe, msiwashe taa penye viota, na takataka zenu rudini nazo, hata na za mwingine mkiziona, kwa kuwa kasa huudhani mfuko kuwa konyeza, akaumeza, akafa.

Kombe langu lingali juu ya kabati. Siku hizi mgeni akilisifu, humsimulia habari za Maziwe.