Padri, Mhindi na Chuma cha Ufipa

Mpwa wangu, uliniuliza kama Mhindu anayetaka kuungana na Mungu anatamani kitu kile kile anachokitamani mtawa wa Kikristo. Swali hilo mimi nililisikia likibishaniwa kwa Kiswahili hapa hapa Sumbawanga, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kabla mkoa wa Rukwa haujaundwa mwaka 1974. Waliobishana hawakuwa maprofesa. Mmoja alikuwa padri Mholanzi wa shirika tuliloliita Mapadre Weupe, mwingine mzee wa Kigujarati mwenye duka, na mimi mjomba wako nilikuwa kijana wa kupima chumvi.

Duka lilinukia mafuta ya taa, bizari na sabuni ya mche. Samaki hawakuwemo. Migebuka iliyokaushwa kutoka Kirando ilikuwa na soko kubwa mjini, lakini mzee hakula kiumbe wala hakutaka faida yake. Kiberiti kilikuwa senti kumi, na mteja akitoa thumuni yenye sungura, mzee aliigeuzageuza kwanza ndipo arudishe chenji. Nyuma ya pazia kulikuwa na picha ya mungu Krishna na filimbi yake, taa ndogo ya samli na kijiti cha udi kikifuka. Padri alikuja jioni kununua tambi za taa, pua nyekundu kwa baridi ya Julai, ndevu zimekuwa njano kwa tumbaku ya kiko. Aliketi juu ya gunia la sukari, akapewa chai ya tangawizi, na maneno yakaanza.

Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kutoa tamko lake kuhusu dini nyingine mwaka 1965, padri alisoma sana habari za Henri Le Saux, mtawa Mfaransa aliyehamia India mwaka 1948, kisha mwaka 1950 akaanzisha na Padri Jules Monchanin makao ya sala ya Shantivanam, kusini mwa nchi hiyo. Siku moja akasema, "Mzee, nyinyi mnataka kuzama mpotee. Sisi tunataka kupenda na kupendwa." Mzee akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Hayo ya Shankara, Padri. Mimi si mtu wa Shankara." Akaeleza kwamba Shankara, mwalimu wa kale wa India, alifundisha kuwa nafsi na Brahman, yaani uhalisia mkuu, havijawahi kuwa viwili, ni ujinga wetu tu unaovitenga. Karne kadhaa baadaye Ramanuja akampinga: nafsi ni ya Mungu kama mwili ulivyo wa roho, na ikiokoka hubaki ikimwabudu. "Mimi nikipotea," mzee akauliza, "nani atamwimbia Krishna?"

Padri hakukasirika. Alikiri kwamba hata kwao walikuwapo waliosogea upande wa Shankara. Meister Eckhart, Mdominiko wa Ujerumani, alihubiri kwamba kina cha roho na kina cha Mungu ni kina kimoja, na mwaka 1329 Papa Yohane XXII akalaani baadhi ya kauli zake. Yeye padri alimfuata Bernardo wa Clairvaux, wa karne ya 12, aliyefananisha roho na chuma motoni: hung'aa chote kama moto, lakini hakiachi kuwa chuma.

Mfano huo niliupeleka nyumbani kwa babu, kwa sababu ukoo wetu ulikuwa wa wafua chuma. Porini bado yalisimama matanuri yetu ya udongo, marefu kuliko mtu, yaliyovuta upepo yenyewe bila mivukuto. Babu akatema mate pembeni. "Padri wako anasema habari za mhunzi. Mhunzi hutia chuma, hutoa chuma. Sisi tulitia jiwe, na jiwe halikutoka." Nilipomfikishia mzee wa duka jibu hilo, aliacha kuhesabu vifungo. Akasema hata hapo Shankara hajafikiwa, maana kwake yeye jiwe halikuwahi kuwa jiwe. Lilikuwa chuma tangu awali, ila macho hayakuona.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimsikia mtu akisema Wahindu wote huyeyuka na Wakristo wote hubaki, muulize Mhindu yupi na Mkristo yupi. Mpaka huo umepita ndani ya kila nyumba. Penye tofauti kweli ni pengine. Padri alishikilia kwamba muungano ni neema, umeletwa na mtu mmoja aliyekufa mara moja chini ya Pontio Pilato, na bibi yako asiyejua kusoma aliupokea ulimini kila Jumapili. Tena maisha ni haya haya, hakuna mengine ya kujaribia. Mzee aliona haraka hiyo haina maana: Krishna huja kila uovu unapozidi, na mja huzaliwa tena na tena mpaka afike. Serikali ilipotaifisha majumba mwaka 1971, Wahindi wengi walianza kuondoka nchini, na baadaye mzee naye akaenda Uingereza. Jioni ya mwisho, rafu zikiwa tupu, walikuwa bado wanabishania hilo hilo, na padri ndiye aliyelipa chai.