Punje Moja ya Mchele

Katika mafundisho ya sayansi ni maswali machache yampimayo mwalimu kama hili: "Molekuli, nani aliyeiona?" Nimelisikia mara nyingi katika madarasa ya juu ya shule za msingi, na kila mara nimeona njia mbili mbele ya mwalimu: kuamuru aaminiwe, au kuonyesha jinsi watu walivyopata kujua. Njia ya kwanza ni fupi, lakini humfunza mtoto kwamba sayansi ni amri ya mkubwa.

Hata wataalamu waliliona jambo hili kuwa gumu. Mwaka 1952 Erwin Schrödinger aliandika kwamba majaribio hayafanywi kamwe kwa molekuli ndogo moja peke yake. Mwaka 1989, huko California, W. E. Moerner na Lothar Kador walifaulu kuitambua molekuli moja. Walichukua fuwele iliyotiwa molekuli haba za pentasini, wakaipoza kwa heli ya kimiminika hadi karibu nyuzi 270 za Sentigredi chini ya sifuri. Katika baridi hiyo kila molekuli ya pentasini hufyonza nuru ya rangi yake mahususi, inayotofautiana kidogo na ya jirani zake. Walipoibadilisha rangi ya leza hatua kwa hatua, walipata upungufu mdogo mno wa nuru, iliyomezwa na molekuli moja tu.

Mwaka 1990, huko Bordeaux, Ufaransa, Michel Orrit na Jacky Bernard walishika njia nyingine. Badala ya kutafuta nuru iliyopungua, waliikusanya nuru ambayo molekuli yenyewe huitoa baada ya kufyonza ile ya leza. Ishara ikawa wazi zaidi.

Tofauti hii yaweza kufundishwa kwa debe la mchele. Ondoa punje moja, kisha waulize watoto kama mizani imetambua. Halafu iweke punje hiyo juu ya kitambaa cheusi, wasogee waitazame. Usiwape jibu, waache waeleze wenyewe kwa nini kidogo kilichopungua penye wingi ni kigumu kutambulika kuliko kidogo kilichotokea penye giza. Ndipo watakapoupima ugumu wa kazi ya 1989, ya kutambua punje iliyopungua debeni.

Mtoto aulizaye nani aliyeiona hakosi adabu. Anadai ushahidi, na ushahidi ni haki yake.