Tangi Lililo Chini ya Kiti



Wengi wenu mnalijua gari tutakalolizungumzia katika ukurasa huu. Limebeba masufuria ya pilau ya Idi, limebeba magodoro na makabati ya familia zilizohama nyumba, na wapo vijana kadhaa hapa Auburn waliojifunzia udereva humo huku wakikemewa na mwenyewe. Ni Land Rover pikapu ya mwaka 1975, rangi ya majani makavu, mali ya marehemu mzee wetu wa Tanga ambaye tulimzika Rookwood mwaka juzi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mzee alikuwa dereva wa serikali huko nyumbani katika ujana wake, na alipofika Sydney akaona gari la namna ileile likiuzwa katika ua wa mkulima, hakuuliza bei mara mbili.

Jumamosi moja ya mwezi wa Shaaban binti wa marehemu alikuwa katika gari hilo pamoja na watoto wake wawili, nduguye akiendesha. Wakasimama kwenye taa za Hume Highway. Harufu ya petroli ikapanda kutoka chini ya kiti kwa nguvu kiasi kwamba yule mama alifungua mlango, akashuka na wanawe katikati ya foleni, akavuka hadi kando ya njia bila ya kuaga. Tangu siku hiyo ameapa kwamba watoto wake hawatapanda tena.

Hapo nyumba ikagawanyika. Kijana anataka tangi liondolewe chini ya kiti na kupelekwa nyuma kabisa, chini ya karai la mizigo. Mama yake, mjane wa marehemu, hataki hata parafujo moja iguswe. Tukaitwa sisi. Hatukuitwa kwa ufundi, maana hatuna. Tuliitwa kwa kuwa tulifundisha fizikia zaidi ya miaka thelathini, na watu hudhani kwamba aliyechora mashine ubaoni anaweza kuitengeneza.

Tulimwomba kijana atupeleke Enfield, kwa fundi mmoja mzee ambaye ana ua wake huko. Tulitoka Auburn asubuhi, minara miwili ya Msikiti wa Gallipoli ikiwa nyuma yetu, tukapita Lidcombe na kushika Joseph Street. Upande wa kushoto makaburi ya Rookwood yanaendelea kwa muda mrefu sana. Ni miongoni mwa maziara makubwa kabisa ya nusu hii ya kusini ya dunia, na ndani yake Waislamu tuna sehemu yetu. Kijana alipunguza mwendo bila ya kusema neno, nasi tukasoma Fatiha. Madirisha yote yalikuwa wazi ingawa kulikuwa na baridi, na hamkuhitaji kuuliza kwa nini.

Tuliposhika Hume Highway kuelekea mashariki tulianza kukumbuka Land Rover ya kwanza tuliyoipanda maishani, ile ya shule ya bweni tuliyopangiwa tulipoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1970. Katika Tanzania ya wakati ule gari hilo lilikuwa ndiyo serikali yenyewe. Daktari alikuja kwa Land Rover, bwana shamba alikuja kwa Land Rover, mishahara nayo ilikuja kwa Land Rover pale ilipokuja. Nchini Kenya zikiunganishwa Thika. Dereva wa shule alikuwa akivuta sigara juu ya lita 45 za petroli, nasi tumeketi ubavuni pake na madaftari mapajani, wala haikutupitikia hata siku moja kuuliza tangi liko wapi.

Liko chini ya dereva. Ndivyo lilivyowekwa tangu gari hili lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Katika yale ya mwanzo kabisa ilibidi dereva ashuke, ainue mto wa kiti, ndipo ajaze mafuta. Baadaye, kuanzia mwaka 1958, mdomo wa kujazia ulitolewa nje, ubavuni nyuma ya mlango, lakini tangi lenyewe halikuondoka. Magari ya abiria yenye chasisi ndefu ndiyo yaliyowekewa tangi nyuma. Pikapu zikabaki na desturi ya zamani.

Enfield si mahali ambapo mgeni angepelekwa kutazama mji. Ni mabohari, malori na reli. Lakini kwa gari hili ni nyumbani, kwa maana ni Enfield hapahapa, katika kiwanda cha Pressed Metal Corporation, ambako Land Rover nyingi za Australia ziliunganishwa, na kiwanda kikubwa cha Zetland kilipofungwa katikati ya miaka ya 1970 kazi ya huku iliendelea. Kumbe marehemu, aliyedhani amenunua kipande cha Tanga, alikuwa amenunua gari la mtaa wa pili.

Fundi alitutandikia kipande cha zulia kuukuu, tukalala chali chini ya gari, sisi kwa umri huu. Tunakiri kwamba tulifika tukiwa upande wa kijana. Kuketi juu ya petroli ni jambo ambalo akili hulikataa mara tu inapolijua. Lakini kule chini tuliona mambo mawili yaliyotupunguzia haraka.

La kwanza ni asili ya ile harufu. Chini ya mto wa kiti kuna kifuniko, na chini ya kifuniko kuna geji ya mafuta iliyofungwa juu ya tangi kwa gasketi. Gasketi hiyo ilikuwa imekauka kama ganda la muhogo. Mpira unaounganisha mdomo wa nje na tangi ulikuwa na nyufa ambazo ukucha uliweza kuingia, na ule mwembamba wa kupumulia ulikuwa umechomoka kabisa. Fundi alieleza sababu. Mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili ya petroli ya siku hizi. Jimbo hili la New South Wales lina sheria ya tangu mwaka 2007 inayotaka ethanoli iuzwe pamoja na petroli, na ile inayoitwa E10 huwa na ethanoli mpaka asilimia kumi. Ethanoli hulainisha na kupasua mipira ya kale, tena huvuta maji, na maji hulila tangi la chuma kutoka ndani. Marehemu katika miaka yake ya mwisho alikuwa akijaza E10 kwa kuwa ni rahisi. Sote tunafanya hivyo.

Hapa mwalimu ndani yetu anaomba dakika moja. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotea, hutiririka chini na kutuama, katika shimo la gereji, katika sakafu ya gari, chini ya kitanda cha anayehifadhi dumu chumbani. Na tangi lililokaribia kwisha laweza kuwa la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa. Kwa hiyo msimruhusu fundi yeyote achomelee tangi kuukuu ati kwa sababu ni tupu.

La pili tuliloliona lilituhangaisha zaidi. Tangi hilo, ukilitazama kutoka chini, halimo baina ya zile boriti mbili za chasisi. Limening'inizwa nje ya boriti ya kulia, na kati yake na barabara upande ule kuna bati la alumini tu. Gari likigongwa ubavuni, kinachopokea kishindo ni tangi.

Wamarekani wamelipa gharama kubwa kwa somo hili. Pikapu za Chevrolet za miaka ya 1960 zilikuwa na tangi ndani ya kibanda, nyuma ya kiti. Watu waliogopa, kwa haki, na katika magari ya mwaka 1973 matangi yakatolewa kibandani. Lakini yalipelekwa wapi? Nje ya boriti za chasisi, ubavuni, na pikapu za General Motors ziliendelea kutengenezwa hivyo hadi mwaka 1987. Watu waliungua katika ajali za ubavuni, kesi zikafunguliwa, na uchunguzi wa serikali ulimalizika Desemba 1994 kwa makubaliano ya kampuni kugharimia miradi ya usalama kwa zaidi ya dola milioni 51. Tangi lilikuwa limehamishwa, na hatari ilikuwa imehama pamoja nalo.

Kijana aliposikia hayo alifurahi. "Basi Mwalimu, nyuma ndiko kwenyewe," alisema, "katikati ya chasisi, kama yale ya abiria."

Tukamkumbusha Ford Pinto. Gari lile dogo lilikuwa na tangi nyuma ya ekseli, karibu na bampa, na likigongwa kutoka nyuma lilisukumwa likachomwa na vichwa vya bolti za difu. Mwaka 1978 Ford iliyaita magari hayo yapatayo milioni moja na nusu yarudi kurekebishwa. Kweli boriti za Land Rover ni jambo jingine kabisa, na tangi la nyuma la magari ya abiria lilisanifiwa na kiwanda, halikubuniwa gerejini. Lakini anayeendesha katika mji huu anajua kwamba hofu yetu ya kila siku pale kwenye taa ni yule anayekuja nyuma huku akitazama simu yake.

Fundi alipoulizwa, hakutoa hukumu. Alisema kazi yaweza kufanyika na ataifanya. Tangi la nyuma linapatikana. Vishikio vitachomelewa kwenye chasisi ambayo tayari ina kutu sehemu mbili, bomba la mafuta litarefushwa mpaka kwenye injini, karai litatobolewa kwa ajili ya mdomo wa kujazia, bomba la moshi lizingatiwe lisikaribie. Kisha akaja kwenye makaratasi. Kuhamisha tangi hakuhesabiwi kuwa ukarabati mdogo. Kanuni ya kitaifa ya marekebisho ya magari madogo, VSB 14, ina sehemu nzima juu ya mfumo wa mafuta, na kazi kama hiyo hutakiwa kuangaliwa na mhandisi mwenye leseni ya kutoa vyeti.

Na kuna hili la usajili, ambalo marehemu alilipigania. Gari limeandikishwa katika mpango wa magari ya kihistoria, kupitia chama cha wapenzi wa magari ya kale. Sharti lake ni gari liwe limetimiza miaka 30 na libaki karibu iwezekanavyo na lilivyotoka kiwandani. Nalo huruhusiwa siku 60 kwa mwaka za matumizi ya mwenyewe, zikiandikwa katika daftari. Magari yaliyofanyiwa mabadiliko yana mpango mwingine, ulioanzishwa mwaka 2015, wenye siku zilezile na vyeti zaidi. Kwa hiyo kijana hangenyang'anywa gari. Ila lile daftari lenye mwandiko wa baba yake, kila siku kwa tarehe yake na mahali alipokwenda, lingefungwa.

Tulirudi na kukaa na mjane sebuleni. Tulimweleza yote, na lile la ubavuni hatukulificha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo wanaume watatu tuliolala chini ya gari hatukuliuliza: "Gari hili sasa linakwenda wapi?"

Ukweli ni kwamba halikwendi mbali. Linakwenda viwanja vya Idi, linakwenda kwenye mikutano ya chama, na mara chache linabeba mzigo wa jirani. Angelitwaa kijana kwa kazi yake ya kila siku, na kurudi usiku kwenye barabara kuu, tungemshauri bila kusita aende kwa mhandisi na alipe. Kwa gari la namna hii shauri letu lilikuwa jingine, nasi twalitoa hapa tukijua baadhi yenu hamtakubaliana nalo: tangi libaki pale pale, lakini si tangi lile. Linunuliwe jipya la umbo lileile, ambayo bado yanatengenezwa. Mipira yote iwe ya kustahimili ethanoli. Gasketi, kifuniko na kipumulio viwe vipya. E10 isiingie tena. Watoto wasipande kabisa. Hili la mwisho binti alikuwa amekwisha kuliamua, nasi tuliliunga mkono tu.

Kijana hakuridhika. Alisema, kwa adabu, kwamba tumechagua historia. Tulimjibu kwamba huenda ni kweli kwa kiasi fulani. Alichukua kalamu akaandika nyuma ya bahasha: mwaka mmoja, kisha tuzungumze tena. Mama yake akaiweka bahasha ndani ya kabati la vyombo.

Kazi ilichukua siku mbili. Tangi la zamani lilipokatwa, ndani yake kulikuwa na kutu ya kujaza kikombe cha chai. Tulikwenda kulichukua gari sisi watatu, na kituo cha kwanza kilikuwa pampu ya petroli, ya oktani 98, aliyoilipia mama mwenyewe. Tulipoanza kurudi alikuwa amekaa katikati, mkoba mapajani. Akafunga dirisha la upande wetu, akamwambia mwanawe afunge la kwake. Tukaenda hivyo, kimya, mpaka karibu na Rookwood.

"Halinuki," alisema. Kisha, baada ya kitambo: "Kanzu zake zote zilikuwa zinanuka hivyo. Nilikuwa nikizifua mara mbili kila Alhamisi."