Daftari za Mengo na Elimu ya Utabibu

Watu wengi wakitajiwa elimu ya utabibu hufikiri habari za wodi, chumba cha kupasulia maiti na darubini. Maktaba haiwajii akilini. Na ikiwajia, huonekana kuwa chumba kimya ambamo wanafunzi hukimbilia mtihani unapokaribia. Dhana hiyo si ya wajinga peke yao. Walimu wa utabibu nao wamekuwa nayo, ijapokuwa aghalabu haitamkwi kwa midomo. Huonekana katika hesabu za fedha za kila mwaka, maktaba inapogawiwa kilichobaki.

Ubaya wa dhana hiyo ulimpata mapema kijana mmoja wa Marekani, John Shaw Billings. Alipokuwa mwanafunzi wa utabibu mjini Cincinnati aliandika tasnifu, iliyokamilika mwaka 1860, juu ya kutibu kifafa kwa upasuaji. Alitaka kujua wagonjwa wangapi walikwisha pasuliwa, na wangapi kati yao walipona. Habari hizo zilikuwako, lakini zilikuwa zimetawanyika katika majarida ya nchi nyingi, na hapakuwa na mtu wala kitabu cha kumwonyesha pa kuzitafuta. Billings hakuisahau taabu ile. Alipokabidhiwa baadaye maktaba ya Daktari Mkuu wa jeshi mjini Washington, aliona kuwa kukusanya vitabu ni nusu tu ya kazi. Mwaka 1879 yeye na Robert Fletcher walianza kutoa Index Medicus, faharasa ya makala za utabibu za dunia nzima, na mwaka 1880 ikatoka juzuu ya kwanza ya orodha kubwa ya maktaba ile. Tangu hapo daktari aliyekaa mbali na miji mikubwa aliweza kujua nani amekwisha kuuona ugonjwa unaomsumbua yeye.

Yaliyofuata ni marefu, lakini yanajulikana. Faharasa ile iliingizwa katika kompyuta. Mwaka 1997 umma ulifunguliwa mlango wa kuitafuta bila malipo katika PubMed. Na mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji walianzisha mpango wa HINARI, ambao kwao vyuo vya nchi maskini hupata majarida bure au kwa bei ndogo. Mwanafunzi wa Makerere au wa Muhimbili aweza leo kusoma makala ambayo zamani ingemfikia kwa meli, kama ingemfika kabisa. Hili ni jambo la kushukuriwa.

Lakini maktaba inayopokea tu ni kama nyumba yenye mlango wa kuingilia na isiyo na wa kutokea. Mwanafunzi anayesoma humo hujifunza magonjwa kama yalivyoonekana London na Boston, na pole pole huanza kudhani kwamba maarifa ni kitu cha kuagizwa, na kwamba wagonjwa walio mbele yake hawana la kumfundisha ambalo halijaandikwa kwingine. Hapo ndipo yafaa kutazama jambo lililotokea Kampala.

Albert Cook, daktari wa misioni, alifika Uganda mwaka 1897 baada ya safari ndefu ya miguu kutoka Mombasa, akaanzisha hospitali ya Mengo. Alikuwa mtu wa kuandika. Habari za wagonjwa waliolazwa ziliandikwa kwa mkono: mtu ametoka wapi, analalamika nini, amefanyiwa nini, na mwisho wake ulikuwaje. Cook alifariki mwaka 1951. Daftari hizo hazikutupwa, na maktaba ya shule ya utabibu ya Makerere, ambayo hata leo huitwa kwa jina lake, ndiyo iliyokuja kuwa mahali pa kuhifadhi kumbukumbu za Mengo.

Wakati wa ukoloni madaktari wengi walishika kwamba saratani ni ugonjwa adimu kwa Waafrika. Wengine walisema ni kwa sababu ya chakula chao, wengine kwa sababu ya maisha yao yasiyo ya mjini. Maneno hayo yaliingia katika mafunzo, na maneno yakiingia katika mafunzo huingia pia katika macho: daktari aliyefundishwa kwamba kitu hakipo hakitafuti, na mama mwenye uvimbe wa titi huambiwa ana jipu. Kisha, mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, aliandika juu ya uvimbe wa taya unaowashika watoto na kuwaua upesi. Watu wakauliza: je, ugonjwa huu ni mpya? Umeletwa na nini?

Jibu halikuweza kutoka katika kitabu chochote cha Ulaya. Lilikuwa Mengo. J. N. P. Davies, aliyekuwa mwalimu wa patholojia Makerere, na wenzake, miongoni mwao Waafrika wawili, Mtimavalye na Owor, walizichambua kumbukumbu za hospitali ile za tangu 1897 mpaka 1956, na mwaka 1964 matokeo yakachapishwa katika British Medical Journal. Saratani ilikuwako tangu miaka ya mwanzo. Hata habari za mtoto mwenye uvimbe mkubwa wa taya zilikuwamo katika maandishi ya Cook, zikingojea msomaji. Kweli, daftari za hospitali haziwezi kusema ni wangapi waliougua vijijini wasifike hospitalini, wala kila jina la ugonjwa lililoandikwa pasipo darubini halina budi kuaminiwa. Hata hivyo, zilitosha kuitikisa imani iliyosimama juu ya kutotazama.

Kwa mwanafunzi, kazi ile yafundisha jambo ambalo somo la wodini haliwezi kulifundisha lenyewe. Maelezo anayoandika usiku wa manane, amechoka, kwa hati mbaya, akitaka tu kumridhisha mwalimu asubuhi, yaweza kuwa ndiyo shahidi pekee atakayeulizwa baada ya miaka sitini. Akikosa kuandika umri wa mgonjwa au kijiji chake, hakuna atakayeweza kuuziba upungufu huo. Na daftari ikiisha kuandikwa, yataka mtu wa kuipokea. Mara ngapi karatasi za hospitali zimeliwa na mchwa, au zimeishia sokoni kufungia karanga! Kuzipanga, kuzikausha na kuzitungia faharasa ni kazi ya mkutubi, wala si kazi ya kumpa karani asiye na pa kuwekwa.

Tena kuna siri za watu. Katika daftari kama hizo mna majina, na wajukuu wa wenye majina hayo wangali hai; wengine huenda wanaishi mtaa mmoja na anayezisoma. Nani aruhusiwe kuzifungua, jina lifichwe vipi kabla habari haijachapishwa, nakala iwekwe wapi: hayo mwanafunzi wa utabibu hujifunza kwa kukaa mezani na mkutubi, daftari ikiwa wazi kati yao.