Udongo, Mkonge na Gunia la Plastiki

Wahenga walinena kuwa udongo uwahi ungali maji. Methali hii nimeichambua katika semina zisizo na idadi, na nilipoandika tasnifu yangu kuhusu methali za malezi niliieleza kwa sentensi moja: kadiri uwahivyo, ndivyo ulipatavyo umbo ulitakalo. Aliyenionyesha kuwa sikuwa nimeielewa ni mdogo wangu, ambaye hakumaliza kidato cha pili. Wala hakutumia kitabu. Alitumia gunia.

Kwetu Rongai, msimu wa mavuno, gunia ndilo kipimo cha mtu: kilo tisini za mahindi, mara ngapi? Baba yangu alikata mkonge ujanani mwake katika mashamba ya upande wa Mogotio, na hadi leo gunia kwake ni la katani. Hili la plastiki analiona adui, na kwa hakika ana sababu. Mwaka wa 1954 Giulio Natta wa Italia alitengeneza polipropilini yenye fuwele, akaja kutunukiwa Tuzo ya Nobeli pamoja na Karl Ziegler mwaka wa 1963. Wakati huo Tanganyika ilikuwa ikivuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kamba na magunia ya plastiki yalipoenea, bei ya mkonge ilianguka, na vijana kama baba wakatafuta vibarua kwingine.

Basi fikiria, msomaji, hali ya nyumba ile mdogo wangu alipoajiriwa katika kiwanda kinachofuma magunia hayo hayo. Krismasi moja alikuja na kibunda cha utepe mweupe, akanikabidhi na kusema, "Kaka, kata huu." Kwa upana haukukatika, vidole viliniuma. Kwa urefu ulichanika mara moja, ukawa nyuzinyuzi kama singa. Nikamuuliza sababu.

Chembe za polipropilini huyeyushwa kwa joto linalopita nyuzi 165 za Selsiasi. Ndani ya myeyuko huo molekuli ni minyororo mirefu iliyojikunjakunja ovyo. Ukipoa kwa utulivu, sehemu ya minyororo hujipanga kuwa fuwele zinazoelekea kila upande, na sehemu nyingine hubaki bila mpango. Ndiyo maana plastiki hii huitwa nusu fuwele. Lakini myeyuko ukivutwa ungali unatiririka, minyororo iliyo mirefu zaidi hunyooka kufuata mvuto. Iliyonyooka huwa kiini, na fuwele huota juu yake upesi kuliko ambavyo zingeota katika utulivu.

Katika miaka ya 1960 Albert Pennings wa Uholanzi aliliona umbo hilo alipokoroga mmumunyo wa poliethilini: ujiti mwembamba katikati, na visahani vya fuwele vimetungika juu yake. Wanasayansi wakauita mshikaki. (Hapa, angalau, Kiswahili hakikuhitaji kamati ya istilahi.) Kiwandani, baada ya utando kupozwa, hukatwa tepe, nazo hutiwa joto tena na kuvutwa hadi mara tano au saba ya urefu wake wa awali. Nguvu yote huelekezwa upande mmoja, na upande wa pili huachwa dhaifu. Hiyo ndiyo siri ya utepe niliochana.

"Kumbe ni udongo uwahi ungali maji," nikasema, nikijiona mjanja.

Akatikisa kichwa. "Ikiwa maji sana, Kaka, haishiki. Inasahau."

Nilimtaka aeleze. Myeyuko wenye joto jingi, alisema, ukiacha kuvutwa hujikunja tena kabla ya kupoa, kana kwamba haukuvutwa kamwe. Minyororo mifupi husahau kwanza; mirefu hukawia. Kwa hiyo kuvuta mapema hakutoshi. Ni lazima ubaridi uikute ingali imenyooka. Na utepe uliokwisha kuganda haujapotea: hutiwa joto kiasi, bila kuyeyushwa, ukavutwa upya, na hapo ndipo hupata nguvu yake kubwa.

Baba alikuwa kando, akisikiliza bila kututazama. Siku mdogo wangu aliporudi nyumbani na sanduku lake la shule, ni yeye aliyesema mbele ya wageni kuwa udongo huu umekauka. Methali ile sikuipata chuoni. Niliipata siku hiyo, nami, kwa unafiki wa kifungua mimba, nilikubaliana nayo.

Usiku ule nilifuta sentensi yangu katika tasnifu. Sijapata ya kuweka mahali pake.

Asubuhi nilimkuta baba kibarazani na kile kibunda. Alikuwa ameuchana utepe kuwa nyuzi, akizisokota juu ya paja kama alivyokuwa akisokota singa. Alipomaliza aliivuta kamba kwa mikono miwili, akaivuta tena, kisha akamwita mdogo wangu aje amshikie mlango wa zizi aufunge.