Waliolia na Waliokasirika



Wapendwa wasomaji wetu, tukiwa bado katika mwezi huu wa Novemba ambao Mama Kanisa anatualika kuwaombea marehemu wote, tunaomba ruhusa yenu tuianze tafakari ya juma hili mahali ambapo hamjazoea kutukuta, yaani mbele ya runinga. Msishangae. Bwana wetu alifundisha kwa habari za wapanzi, wavuvi na wanawake wakandao unga, kwa kuwa ndiyo mambo waliyoyatazama watu wa siku zake. Watu wa siku zetu hutazama tamthilia, na mara nyingine hulia mbele yake machozi ambayo hawakuyatoa hata msibani.

Tarehe 22 Septemba 2004, kituo cha runinga cha ABC nchini Marekani kilianza kuonyesha tamthilia iitwayo Lost, jina ambalo kwa lugha yetu tungeweza kusema Waliopotea. Ndege namba 815, itokayo Sydney kwenda Los Angeles, inakatika vipande angani na kuangukia kisiwa ambacho hakimo katika ramani. Walionusurika wanajikuta katika nchi ya maajabu: moshi mweusi unaotembea na kuua, dubu wa nchi za barafu katikati ya msitu wa joto, mtu aliyepooza miguu ambaye baada ya ajali anasimama na kutembea, na namba sita, 4, 8, 15, 16, 23 na 42, zinazowafuata kila waendako. Anayewaongoza ni daktari mmoja, Jack Shephard, aliyekuwa akisafirisha jeneza la baba yake. Baba huyo, aitwaye Christian, alifariki huku yeye na mwanawe wakiwa hawajapatana.

Kwa misimu sita washabiki walikaa wakihesabu mafumbo hayo na kuyatafutia maana. Tangu msimu wa kwanza wengi walikisia kwamba kisiwa kile ni toharani na kwamba abiria wote walikwisha kufa. Watunzi wake, Damon Lindelof na Carlton Cuse, walikana mara nyingi.

Sehemu ya mwisho ilionyeshwa usiku wa tarehe 23 Mei 2010, siku ambayo katika kalenda yetu ilikuwa Dominika ya Pentekoste. Marekani peke yake walitazama watu wapatao milioni 13 na nusu. Uingereza ilirushwa saa ileile, ambayo kwao ilikuwa saa 11 alfajiri ya Jumatatu, na wako walioamka gizani ili wasisimuliwe na wengine.

Nini walichokiona? Jack, akiwa na jeraha la kisu ubavuni alilolipata katika kukiokoa kisiwa, anajilaza kati ya mianzi palepale alipofumbulia macho katika sehemu ya kwanza kabisa. Mbwa anakuja kulala kando yake. Ndege inapita juu ikiwachukua rafiki zake walioponea, naye anafumba jicho. Wakati huohuo tunaonyeshwa maisha mengine, ambayo msimu mzima tulidhani ni ulimwengu ambamo ndege haikuanguka. Kumbe ni baada ya kifo. Humo kila mmoja alikuwa amesahau, hata alipoguswa na mtu aliyempenda. Hapo kumbukumbu zote zikamrudia kwa mara moja. Jack naye anaingia katika kanisa, anagusa jeneza la baba yake, analifungua, analikuta tupu. Baba amesimama nyuma yake. Wanakumbatiana. Baba anamweleza kwamba kila mtu hufa kwa saa yake, wengine kabla yake, wengine miaka mingi baadaye, na kwamba wote wamekusanyika hapo kwa sababu walihitajiana. Kisha mlango unafunguliwa na nuru inaingia.

Kanisa lile, tuseme kwa faida ya wasomaji wetu, lilikuwa kikanisa cha kweli cha shule ya Kikatoliki ya wasichana huko Honolulu, katika visiwa vya Hawaii.

Washabiki wakagawanyika makundi mawili. La kwanza ni la waliolia. Hawa hawakujali tena habari za moshi wala namba. Walikuwa wamemwona baba na mwana wakipatana ng'ambo ya kaburi, nao wakakumbuka kila mtu jeneza lake. Kundi la pili ni la waliokasirika. Hawa walikuwa wameweka daftari la maswali kwa miaka sita: kwa nini wanawake kisiwani hawakuweza kuzaa salama? Nani aliyeangusha chakula kutoka angani? Mtoto Walt, aliyetekwa mwishoni mwa msimu wa kwanza na kusemwa kuwa wa pekee, mbona hayumo kanisani? Badala ya majibu wamepewa kukumbatiana. Walijiona wamedanganywa. Watunzi walitoa nyongeza ya takriban dakika 12 katika santuri za mwezi Agosti mwaka ule, ikajibu machache, na hasira haikwisha.

Tena palitokea jambo dogo lililozidisha vurugu. Wakati majina ya waigizaji yalipokuwa yakipita mwishoni, kituo cha runinga kiliweka picha za mabaki ya ndege ufukweni, zisizo na mtu hata mmoja, ili watazamaji watulizwe kidogo kabla ya taarifa ya habari. Wengi wakazisoma picha zile kama ufunuo: basi wote walikufa siku ya ajali, na yote tuliyoyaona ni bure! Kituo kikaeleza kwamba picha hazikuwa sehemu ya hadithi. Watunzi nao waliendelea kueleza kwa miaka. Mpaka leo wako wanaosadiki vile. Lindelof alilaumiwa kwa muda mrefu hata Oktoba 2013, zaidi ya miaka mitatu baadaye, alijiondoa katika mtandao wa Twitter ambako lawama zile zilimfikia kila siku.

Wapendwa, sisi tuliitazama sehemu hiyo miaka kadhaa baada ya wenzetu, nyumbani kwa mapadre, kwa santuri alizoazima Frateri mmoja aliyekuwa nasi kwa mwaka wake wa uchungaji. Yatupasa tuungame kwamba tulikuwa katika kundi la waliolia, na sababu yake ni hii.

Baba yetu mzazi alikuwa seremala, mtu wa maneno machache. Siku tulipopewa daraja takatifu ya upadre, hakuja. Mama alikuja, ndugu zetu walikuja, majirani wasio wa dini yetu walikuja wakiongoza mbuzi. Kiti cha baba kikabaki wazi katika safu ya mbele. Hatukumwuliza sababu, wala hakutueleza. Tulijiambia kwamba tutamwuliza likizo ijayo, na likizo ilipofika tukajiambia ile inayofuata. Baadaye alifariki. Tuliadhimisha sisi wenyewe Misa ya mazishi yake, tukahubiri vizuri, watu wakasifu mahubiri. Swali letu likafukiwa pamoja naye.

Kwa hiyo Jack alipolifungua jeneza, hatukuona tena tamthilia. Frateri akainuka kwa kishindo, akasema, “Baba Paroko, miaka sita! Miaka sita wanatuzungusha, halafu hawajibu kitu!” Hatukumjibu, maana donge lilikuwa limetukaa kooni. Moyoni tulimhukumu. Tulisema: kijana huyu ana kichwa, hana moyo.

Kesho yake wakati wa chai, bila kuulizwa, alitueleza kwamba kaka yake mkubwa aliondoka nyumbani asubuhi moja akiwa mzima, akafa barabarani, na hakuna aliyepata kuwaambia ajali ilitokeaje. Mama yake mpaka siku ile alikuwa bado akiuliza: aliumia sana? Aliita mtu? Nani alikuwa karibu naye? Na kila walipouliza, waliambiwa wamwachie Mungu. “Watu wanataka tulie tunyamaze, Padre,” akasema, “wakati sisi tunataka kujua.”

Tuliona haya. Tuliyemdhania hana moyo alikuwa na jeraha sawa na letu. Sisi tulitaka kukumbatiwa, yeye alitaka kujibiwa; wote wawili tulikuwa tumesimama mbele ya kaburi.

Tangu siku ile tunaisoma kwa jicho jingine sura ya 11 ya Injili ya Yohane. Lazaro amekufa, na Bwana amechelewa kufika. Martha anamwendea na kumlalamikia kwamba angalikuwapo, ndugu yake asingalikufa. Baadaye Maria anakuja, anaanguka miguuni pake, na kusema maneno yaleyale. Lakini tazameni Bwana anavyofanya! Martha anampa neno: anamfundisha juu ya ufufuko, anamwuliza kama anasadiki. Kwa Maria hatoi fundisho lolote. Anafadhaika rohoni, anauliza alipowekwa marehemu, na analia. Malalamiko ni mamoja, dawa ni mbili. Hakumkemea Martha kwa kuuliza, wala hakumwambia Maria apanguse machozi asikilize katekesi. Kisha akawachukua wote wawili kwenda kaburini.

Hapa sisi wachungaji tunapaswa kujipiga kifua. Mara ngapi, mbele ya mama anayeuliza kwa nini mwanawe, tumekimbilia kusema kwamba ni mapenzi ya Mungu, ili tuwahi kuondoka msibani? Rafiki za Ayubu walikuwa na majibu yaliyopangika vizuri, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao, akamtetea yule aliyeuliza. Na mara ngapi tumefanya kinyume chake, tukamfundisha mtu aliyehitaji tu tukae naye kimya katika mkeka?

Twende mbele kidogo, maana kuna mahali tamthilia na imani yetu zinaachana njia. Katika chumba kile cha jeneza kuna dirisha la vioo lenye alama za dini sita, na ukumbi ule wa kukutania unaelezwa kuwa waliujenga wenyewe wahusika. Sisi hatusadiki hivyo. Toharani, kama Katekisimu ya Kanisa Katoliki inavyofundisha (namba 1030 hadi 1032), ni utakaso wa wale wanaokufa katika neema na urafiki wa Mungu wakiwa bado hawajatakata kikamilifu. Ni kazi ya huruma yake, si jengo la mikono yetu. Nuru iliyo mlangoni ina jina, nayo ina alama za misumari mikononi. Hata hivyo watunzi wale, wajue wasijue, waligusa jambo ambalo Kanisa limelishika tangu kale: kwamba wokovu si safari ya mtu mmoja mmoja, na kwamba kifo hakikati undugu. Ndiyo maana Yuda Makabayo alichanga fedha kwa ajili ya askari wake waliokufa (2 Mak 12). Ndiyo maana nanyi mnaandika majina katika bahasha za Novemba.

Tofauti kubwa ni kwamba washabiki wale walikuwa watazamaji tu. Kioo kilipozimika, hapakuwa na la kufanya ila kulia au kulaumu. Sisi tuna la kufanya. Sala zetu, sadaka zetu na Misa Takatifu tunayoitolea vinawafaa kweli ndugu zetu waliotangulia. Hadithi yao haijafungwa, nasi tungali na sehemu ndani yake.

Basi juma hili tunawaomba mambo mawili. Kwanza, unapoandika jina la marehemu wako, usiogope kuleta na swali lako. Liweke altareni pamoja na jina. Sisi tunafanya hivyo kila mwaka: jina la baba yetu huwa la kwanza katika orodha, na swali la kile kiti kilichobaki wazi tunalo bado. Hatujajibiwa. Ila tumeacha kumwuliza kwa hasira. Tunamwombea, na katika kumwombea tumeanza kukumbuka kwamba kikanisa cha kigango chetu kina mabenchi aliyoyachonga yeye bila kudai malipo, miaka ileile tulipokuwa seminarini. Hilo si jibu. Lakini tunalishika.

Pili, kama baba yako au mama yako, kaka yako au mwanao, yu hai na kuna neno hamjasemezana, usingoje likizo ijayo. Panda gari leo, au piga simu jioni hii. Mwulize kwa upole, na ukishauliza, kaa umsikilize mpaka amalize.

Frateri yule sasa ni padre. Tunaambiwa kwamba anapofika msibani haanzi kwa kuhubiri. Huwauliza kwanza wafiwa: “Mnataka kujua nini?” Yale anayoyaweza kuyatafuta, polisi au hospitalini, huyatafuta. Yale asiyoyaweza, hukaa nao.

Mungu awarehemu marehemu wetu wote, nasi atukutanishe nao nyumbani kwake. Tunawatakieni Dominika njema.